Amekuja au Amepiga?

Sentensi ilikuwa na maneno matatu tu: "Abebe beigru meta." Jirani yangu aliiandika kwenye simu yake kwa herufi za Kilatini, hizi hizi tunazoandikia Kiswahili, akanisogezea simu juu ya meza. Ilikuwa jioni, Nairobi, na birika lake la udongo la kahawa, jebena, lilikuwa bado makaani.

"Haya, mwanangu, soma."

Kwa miezi kadhaa alikuwa akinifundisha Kiamhari, na maneno hayo yote nilishayapata. Abebe ni jina la mtu; ndiye Juma wa vitabu vya shule vya Ethiopia. "Beigru" ni kwa mguu wake. "Meta" ni amekuja.

"Abebe amekuja kwa miguu, mama."

"Au amepiga teke," akanijibu. Akachukua kalamu, akageuza risiti ya duka, akaandika mistari miwili kwa fideli, mwandiko wa kwao:

አበበ በእግሩ መጣ
አበበ በእግሩ መታ

Katika mstari wa juu Abebe amekuja kwa miguu. Katika wa chini amepiga kwa mguu. Linganisha herufi kwa herufi na utaona kwamba tofauti iko mwishoni kabisa: ጣ na ታ. Ya pili ni "ta" ya kawaida. Ya kwanza hutamkwa koo likiwa limebanwa, kisha pumzi inaachiliwa ghafla, kwa mlio mkavu kama wa kijiti kinachokatika. Kwa Mwamhari sauti hizo mbili haziko karibu hata kidogo, kama ambavyo kwetu "pata" na "bata" haviko karibu. Lakini Kilatini kilizipa zote mbili herufi moja, na sentensi mbili zikawa moja.

Mamilioni ya sentensi za namna hiyo huandikwa kila siku kwenye simu, kuanzia Addis Ababa hadi Washington. Anayezipokea kwa kawaida hazimsumbui, kwa kuwa anamjua mwandishi na anajua wanazungumza nini. Shida huanza pale mtu anapotaka kuzirudisha katika fideli: ahariri kumbukumbu za marehemu baba yake alizoziandika kwenye kompyuta isiyokuwa na fideli, au aiambie mashine isome, itafute au itafsiri. Hapo kila kilichoachwa njiani kinadaiwa.

Mtoto wa Ethiopia huianza fideli kwa chati. Ina safu 33 za kulala na safu saba za kusimama, jumla alama 231, bila kuhesabu nyongeza za sauti kama "kwa" na "gwa". Watoto huighani kwa pamoja, safu baada ya safu, na anayepita nje angeweza kudhani yuko karibu na chuo cha Kurani. Kila alama ni silabi nzima. Chukua safu ya "l": ለ ሉ ሊ ላ ሌ ል ሎ. Umbo la msingi halibadiliki sana. Irabu ndiyo inayolifinyanga. Kijistari ubavuni, na imekuwa "lu". Kijistari mguuni, "li". Mguu mmoja ukirefuka, "la". Kijiduara mguuni, "le". Mwandiko huu asili yake ni herufi za Arabuni Kusini, ambazo zilikuwa za konsonanti peke yake, na alama za irabu zinaonekana katika maandishi ya mawe ya Aksum ya zama za mfalme Ezana, karne ya 4. Huandikwa kutoka kushoto kwenda kulia. Kitabu cha kwanza kuchapwa kwa herufi hizi, Zaburi kwa lugha ya Ge'ez, kilitoka Roma mwaka 1513.

Katika zile safu saba za kusimama, tatu ndizo zitakazotusumbua. Ya kwanza ina irabu iliyo kati ya "a" na "e" yetu. Ya tano ni "e" kamili. Ya sita ina mambo mawili kwa pamoja: mara hutamkwa na kairabu kafupi ka katikati ya kinywa, mara haina irabu kabisa. Mwamhari anayeandika kwa Kilatini, akiwa na haraka, huzipa zote tatu herufi moja: "e". Neno la kusema "mimi" ni እኔ, naye ataandika "ene". "E" ya mwanzo ni ya safu ya sita, ya mwisho ni ya tano. Kwa jicho la Kilatini ni pacha.

Kwa kompyuta, kupanga fideli kwenyewe si kazi ngumu. Mwaka 1999 herufi za Ethiopia ziliingizwa katika Unicode, daftari la dunia linaloipa kila herufi namba yake, na waliozipanga walifanya kazi nzuri sana. Kila safu ya kulala ilitengewa nafasi nane zinazofuatana. Safu ya "l" inaanzia 4616, ya "m" 4632, ya "s" ya kawaida 4656. Sasa andika "selam", salamu ya kila siku. "Se" ni ya safu ya kwanza, kwa hiyo 4656 yenyewe: ሰ. "La" ni ya nne, hatua tatu mbele ya 4616, yaani 4619: ላ. "M" ya mwisho ni ya sita, hatua tano mbele ya 4632, yaani 4637: ም. Umepata ሰላም kwa hesabu ya kujumlisha tu.

Kwa hiyo kama mwandishi ataweka bayana anachokusudia, mashine haina la kubahatisha. Hilo ndilo lililofanywa na Daniel Yacob na Yitna Firdyiwek miaka ya 1990, walipobuni utaratibu unaoitwa SERA wa kuandika fideli kwa vibonye vya kawaida vya kompyuta. Walitumia herufi kubwa na ndogo kama herufi tofauti. "T" ndogo ni ተ, kubwa ni ጠ ya kubana koo. "E" ndogo ni irabu ya safu ya kwanza, kubwa ni ya safu ya tano. "Q" ikapewa ቀ, "x" ikapewa ሸ yenye sauti ya "sh". Katika SERA, "meta" ni amepiga na "meTa" ni amekuja, na hakuna ugomvi tena. Ni utaratibu safi, na programu nyingi za kuandikia Kiamhari bado zinafuata njia ya namna hiyo.

Ila watu hawaandiki hivyo. Shangazi anayemtumia mpwa wake salamu hatabonyeza kitufe cha herufi kubwa katikati ya neno ili kumlinda na utata ambao yeye mwenyewe hauoni. Anaandika anavyosikia, na kila mtu ana sikio lake na shule aliyosomea. Aliyezoea Kifaransa anaandika "gn" kwa sauti yetu ya "ny". Mwingine anaandika "ny". Mwingine anatosheka na "n". Hakuna mwalimu aliyewahi kumsahihisha mtu yeyote kwa tahajia hiyo, kwa sababu haijawahi kuwa somo.

Mazoea hayo hayakuja kwa kupenda mambo ya kigeni, na nasema hivi kwa sababu nimewahi kusikia wazee wakiwalaumu vijana. Kabla ya Unicode kuenea, kila programu ya Kiamhari ilikuwa na mpangilio wake wa herufi. Barua uliyoiandika kwa programu moja, ikifunguliwa kwenye kompyuta yenye nyingine, iligeuka rundo la alama zisizosomeka. Barua pepe ya Kilatini ilifika salama. Kisha zikaja simu za mkononi zisizojua fideli hata moja. Hata zilipoijua, gharama ilibaki: ujumbe mfupi wa Kilatini una nafasi ya herufi 160, lakini ukitia ndani yake fideli moja tu, nafasi zinashuka hadi 70. Mtu mwenye salio la kuhesabu alichagua inavyompasa. Leo kibodi za fideli zimo ndani ya simu, bila malipo, lakini vidole vilishazoea.

Sasa tulitazame neno moja kwa karibu. "Tsehay" ni jua. "Ts" yaweza kuwa ጸ au ፀ, herufi mbili ambazo katika Kiamhari cha leo zinatamkwa sawa: mara mbili. "E" yaweza kuwa ya safu ya kwanza, ya tano au ya sita: mara tatu. "H" yaweza kuwa ሀ, ሐ au ኀ, ambazo nazo leo ni sauti moja: mara tatu. Na kwa kuwa herufi hizo za "h" husomwa "ha" katika safu ya kwanza na ya nne pia, ongeza mara mbili. Jumla: njia 36 za kuandika neno moja la herufi sita. Kati ya hizo, 12 zikisomwa kwa sauti zinatoa "tsehay" iliyo sahihi kabisa. Na kati ya hizo 12, aliyesoma Ge'ez, lugha kongwe ya kanisa ambamo herufi hizi zilikuwa na sauti zake tofauti, atakuambia moja ndiyo yenyewe: ፀሐይ.

Kwa hiyo kuna mashaka ya namna mbili, na inafaa tusiyachanganye. Kwanza kuna mashaka ya sauti: "t" ipi, "k" ipi, "e" ipi. Hapo ukikosea umeandika neno jingine. "Sera" ya Kilatini yaweza kuwa ሠራ, alifanya kazi. Au ሴራ, njama. Na kwa mwandishi anayetumia "e" kwa safu ya sita, hata ሥራ, kazi yenyewe. Mfanyakazi na mla njama wametenganishwa na irabu moja. Halafu kuna mashaka ya tahajia: sauti ni hiyo hiyo, lakini herufi ipi inastahili kukaa hapo. Nitarudi kwenye hayo, maana ndiyo yanayoniuma zaidi.

Hata kugawa herufi tu ni mtihani. "Egna" ni እኛ, sisi. Hapo "gn" ni sauti moja, "ny" yetu. Programu ikishajifunza hivyo, mpe neno la shukrani, ambalo wengi huliandika "amesegnalehu". Itatoa አመሰኛለሁ, neno ambalo halipo. Lililo sahihi ni አመሰግናለሁ: "g" peke yake, "n" peke yake. Neno analolisema Mwamhari mara kumi kwa siku, nalo linaikwaza mashine papo hapo.

Na kuna mitego inayotokana na Kiingereza. Vijana wa mjini huchanganya lugha, kama sisi tunavyochanganya, na programu nzuri inatakiwa ijue neno lipi la kuliacha lilivyo. Sasa mtu anagonga mlango, na aliye ndani anauliza kwa maandishi: "Man new?" Ni Kiamhari safi, ማን ነው, nani huyo. Lakini programu iliyolishwa Kiingereza kingi inaona "mwanamume" na "-pya", inayaruka maneno yote mawili ikidhani si ya kwake. "Were" ni ወሬ, habari za mtaani. "Bet" ni ቤት, nyumba. "Men" ni ምን, nini. Maneno haya ni uti wa mgongo wa mazungumzo, na yote yamevaa sura ya Kiingereza.

Basi mashine inawezaje? Jibu ni lile lile analolitumia msomaji. Haiangalii neno, inaangalia majirani wa neno. Mpe "lijun meta". "Lij" ni mtoto, na "n" iliyoshikamana na mwisho wake inaonyesha kuwa mtoto ndiye aliyetendwa. Huwezi "kumuja" mtoto. Kwa hiyo ni መታ, amempiga. Mpe "kebet meta": "ke" ya mwanzo ni "kutoka", kwa hiyo ametoka nyumbani, amekuja, መጣ. Programu huorodhesha kila umbo linalowezekana, inatupa yale ambayo hayamo katika kamusi, kisha inapima katika maandishi mengi iliyoyasoma ni lipi hukaa na majirani hawa.

Maandishi hayo hupatikana kwa mbinu ambayo mimi naiona ya busara sana. Kutoka fideli kwenda Kilatini njia ni ya mteremko: ጣ na ታ zote zinakuwa "ta", huhitaji kuwaza. Kwa hiyo unachukua magazeti na vitabu vya Kiamhari vilivyoandikwa sawasawa, unaiamuru kompyuta ivibomoe kuwa Kilatini kwa kila mtindo wa uzembe unaojulikana, mara "gn", mara "ny", mara "q", mara "k". Unabaki na jozi: maandishi mazima na magofu yake. Kisha unaifundisha programu ianze na magofu na ijenge upya. Kasoro ya mbinu hii ni kwamba gazeti haliongei kama shangazi. Programu iliyolelewa na taarifa za serikali na Maandiko Matakatifu inajua vizuri neno "wizara" na neno "nabii", lakini inababaika mbele ya utani wa ndugu wawili.

Na ile sentensi ya jirani yangu? "Beigru meta" haifumbuliwi na majirani wake. Kuja kwa mguu na kupiga kwa mguu, sarufi inaruhusu yote mawili. Itabidi usogee mbali zaidi, hadi sentensi iliyotangulia, uone kama kulitajwa mpira au barabara. Kama hakuna sentensi iliyotangulia, hakuna mashine duniani inayojua, na hata Mwamhari mwenyewe hajui. Hapo ndipo ninapotofautiana na wahandisi wanaojivunia programu inayotoa jibu moja haraka bila kusita. Napendelea ile inayosimama na kuuliza: umekusudia መጣ au መታ? Programu nyingi za kuandikia hufanya hivyo tayari, zikionyesha orodha ndogo chini ya neno ili mwenye neno achague. Ni sekunde moja tu, na inamwachia mwandishi mamlaka juu ya kile alichokisema.

Haki itendeke pia upande wa pili: fideli nayo ina inachokiacha. Haionyeshi konsonanti iliyokazwa, ile ambayo mwandiko wa Kiarabu huiwekea shada. ገና ni "bado", na ገና ni Krismasi. Ya pili "n" yake inakazwa, lakini kwa maandishi zinafanana kabisa. Vivyo hivyo አለ ni "alisema" na ni "yupo". Kijana anayeandika kwa Kilatini "genna", kwa "n" mbili, amehifadhi kitu ambacho fideli itakifuta. Kila mwandiko una masikio yake.

Sasa yale mashaka ya tahajia. Katika Kiamhari cha leo "dihinet" ni neno lenye maana mbili zisizoelewana: umaskini, na wokovu. Kwa sauti huwezi kuyatenga. Kwa fideli, aliyesoma anayatenga kwa herufi moja: ድህነት ni umaskini, ድኅነት ni wokovu. Ndivyo ilivyo pia kwa ሠረቀ, kuchomoza kwa jua, na ሰረቀ, kuiba. "S" mbili ambazo sikio haliwezi tena kuzitofautisha. Wahandisi wengi, kabla ya kuilisha kompyuta maandishi, huzifuta tofauti hizi kwa makusudi: kila "h" inakuwa ሀ, kila "s" inakuwa ሰ. Kwa kazi ya kutafuta naelewa. Anayetafuta habari za jua apate zote, iwe mwandishi alitumia tahajia ya kale au ya sasa. Lakini kufuta kwa ajili ya kutafuta ni jambo moja, na kumrudishia mtu maandishi yaliyofutwa ni jambo jingine. Mtu aliyeomba arudishiwe mahubiri ya baba yake, akakuta wokovu umegeuka umaskini katika kila ukurasa, amedhulumiwa, hata kama kila silabi inatamkwa sawa.

Majina ndiyo mahali dhuluma hiyo inapoonekana waziwazi. Wapenzi wa riadha wa Kenya na Tanzania wanamjua Tigist Assefa, aliyevunja rekodi ya dunia ya marathoni ya wanawake Berlin mwaka 2023 kwa saa 2, dakika 11 na sekunde 53. Jina lake maana yake ni subira, na tahajia yake ya kale ni ትዕግሥት. Herufi ya pili, ዕ, ni sauti ya koo ambayo Waarabu bado wanayo na Waamhari wameiacha. Katika Kilatini haikuacha hata alama. "S" yake ni ile ya kale, ሥ. Na magazeti ya nje hata "i" ya katikati hayakubaliani nayo: mara Tigist, mara Tigst. Kenenisa Bekele ana "k" mbili, moja katika kila jina, na zote ni ቀ ya kubana koo. Programu inayochukulia kila "k" kuwa ከ itamwandika mtu mwingine kabisa. Tirunesh Dibaba, ጥሩነሽ, jina lake kwa Kiamhari linasomeka "wewe ni mwema", lakini tu ikiwa "t" ya mwanzo ni ጥ.

Jambo hili lina njia inayofika hadi pwani yetu, tena kupitia mtu mmoja. Johann Ludwig Krapf, mmisionari Mjerumani, aliishi Shewa, katika Ethiopia ya leo, kuanzia mwaka 1839 hadi 1842. Alisoma Ge'ez na Kiamhari, akakusanya miswada ya fideli. Alipozuiwa kurudi huko alishuka pwani, na mwaka 1844 akafika Mombasa, ambako mkewe alifariki mwezi Julai mwaka huo huo. Krapf alikuta Kiswahili kinaandikwa kwa herufi za Kiarabu, kama kilivyoandikwa kwa karne kadhaa, naye akaamua kukiandika kwa Kilatini. Kamusi yake ilichapwa mwaka 1882, mwaka mmoja baada ya kufa kwake. Wengine wakafuata njia hiyo, na leo wengi wetu hatujui kwamba tuliwahi kuwa na njia nyingine.

Tulipoteza nini? Mwite mzee wa Mombasa na umwambie atamke "paa" la nyumba, kisha "paa" mnyama wa porini. Mnyama hutoka na pumzi, paa la nyumba halina. "Kaa" la moto na "kaa" wa baharini ni vivyo hivyo. Mwalimu Sikujua wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1890, na ambaye kwa kalamu yake mashairi mengi ya mshairi Muyaka yametufikia, alifanya kazi pamoja na mmisionari William Taylor, na tofauti za namna hiyo zilishughulikiwa kwa makini na watu hao. Tahajia yetu sanifu ikaziacha. Anayetaka leo kurudisha shairi la Kimvita kutoka Kilatini hadi herufi za Kiarabu anakutana na swali lile lile la jirani yangu: "p" ipi, "t" ipi, "k" ipi. Tofauti ni kwamba Waamhari hawakuacha mwandiko wao. Addis Zemen, gazeti lililoanzishwa mwaka 1941, linaandikwa kwa fideli. Katiba ya mwaka 1995 iliyokifanya Kiamhari lugha ya kazi ya serikali ya shirikisho iliandikwa kwa fideli. Mtoto wa darasa la kwanza anaighani. Kwao Kilatini ni nguo ya safari. Kwetu kimekuwa ngozi, na ndiyo maana naiangalia kazi yao ya kurudi nyumbani kwa hamu na kwa wivu kidogo.

Kahawa ilipofika kikombe cha tatu, kile wanachokiita "bereka", baraka, nilimwomba jirani yangu ajaribu jina moja katika programu iliyokuwa kwenye simu yake: Isaka, mwana wa Ibrahimu. Kwa Kilatini Waethiopia huliandika "Yishak". Lilikuwa pia jina la mfalme wao wa karne ya 15.

Akaandika. Simu ikaona "s" na "h" zimeongozana, ikazisoma "sh". Ikaona "k", ikaweka ya kawaida. Ikatoa ይሻክ.

Alilitazama neno hilo kwa muda, midomo ikilijaribu bila sauti. Kisha akafuta herufi mbili za mwisho. Akagusa safu ya "s" kwenye kibodi ya fideli, akaishikilia mpaka maumbo yote saba yalipotokea juu ya kidole chake, akachagua la sita: ስ. Akatafuta "h". Si ሀ, wala si ኀ. "Hii ni ya kooni," akasema, ingawa yeye mwenyewe haitamki tena kooni, wala mama yake hakuitamka hivyo. Aliijua kwa sababu alifundishwa na padri akiwa mtoto. ሐ. Halafu ቅ, ya kubana.

ይስሐቅ.

Akanipa simu nione, akainama kupuliza makaa.